Sura ya Sita: Mtoto wa Kuazima

Mwaka 2007 kituo cha BBC Three cha Uingereza kilirusha kipindi cha maisha halisi kilichoitwa The Baby Borrowers, yaani waazima watoto. Kufikia Juni 2008 NBC ya Marekani ilikuwa imeshatengeneza cha kwake, karibu na mji wa Boise katika jimbo la Idaho. Wapenzi jozi tano, wa umri wa miaka 18 hadi 20, walipewa nyumba, kazi ya kwenda asubuhi, na mtoto mchanga wa watu. Wakakaa naye siku tatu, usiku na mchana. Aliporudishwa kwao wakaletewa mtoto anayejifunza kutembea, kisha wa umri wa shule, kisha kijana aliyebalehe, na mwisho mzee wa kutunzwa. Kwa wiki chache vijana wale walipitishwa maisha yote ya ndoa, kuanzia nepi hadi mkongojo.

Kabla mtoto hajaja, mabinti walivalishwa tumbo la bandia lenye uzito wa mimba iliyokomaa. Mmoja alilitazama tumbo hilo, akajifungia bafuni akilia, akagoma kutoka. Watayarishaji hawakuwa na haja ya kumwandikia maneno. Kilio kile ndicho walichokuwa wakikitafuta, kwa kuwa NBC ilikinadi kipindi kwa madai kwamba hii si televisheni bali ni uzazi wa mpango.

Dau lao lilikuwa juu ya jambo ambalo Waswahili tumelifupisha zamani: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mwonyeshe kijana kazi hiyo, na aionje kidogo, ataahirisha uzazi mwenyewe. Sura hii inalipima dau hilo kwa kulipeleka mahali ambapo halikuwahi kufikiriwa: Sumbawanga na uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, Tanzania, ambako wasichana wanaijua kazi ya kulea kabla hawajamaliza darasa la saba, na bado wengi wao wanazaa mapema.

Mashtaka mawili

Lawama zilianza kabla kipindi hakijarushwa Marekani. Zero to Three, taasisi ya Washington inayoshughulika na watoto wa chini ya miaka mitatu, ilikipinga hadharani. Hoja yake haikuwa juu ya vijana, ilikuwa juu ya mtoto aliyeazimwa. Mtoto wa miezi sita hajui kamera ni nini wala mkataba ni nini. Anachojua ni harufu ya mama yake na sauti ya anayemlaza. Ukimkabidhi kwa wageni siku tatu, tena wageni waliochaguliwa kwa sababu hawajui kulea, unamtia katika hofu asiyoweza kuieleza ili wengine wapate somo. Watayarishaji walijibu kwamba wazazi halisi walikuwa nyumba ya jirani wakitazama kwenye skrini, na kwamba ndani ya kila nyumba alikuwamo yaya aliyesomea kazi yake. Jibu hilo liliwatuliza wanaojali ajali. Waliojali hofu ya mtoto halikuwafaa kitu, kwa sababu mama anayetazama kwenye skrini, kwa mtoto anayelia, ni mama asiyekuwapo.

Mwaka 2009 RTL ya Ujerumani ilitengeneza kipindi cha namna hiyo, na huko moto uliwaka zaidi. Chama cha kutetea watoto, Kinderschutzbund, kilipinga, na wakunga nao wakapinga. Kipindi kilirushwa hivyohivyo, lakini mjadala wa Wajerumani ulibaki palepale alipo mtoto: nani alimpa mtu mzima yeyote, hata mzazi, ruhusa ya kumkodisha mtoto kwa ajili ya burudani?

Shtaka la pili lilikuja polepole, nalo liliwagusa waliokubali kwamba nia ilikuwa njema. Je, inafaa kitu? Kijana aliyetazama mwenzake akitapikiwa begani huahirisha kweli kupata mtoto?

Ushahidi mzito zaidi umetoka kwenye mdoli. Kwa miaka mingi shule za nchi tajiri zimewakabidhi wasichana mdoli wa kielektroniki unaolia usiku, unaotaka kulishwa na kubadilishwa nepi, na unaoweka kumbukumbu ya kila uzembe. Watafiti wakiongozwa na Sally Brinkman waliufuatilia mpango huo katika shule 57 za Perth, Australia Magharibi. Wasichana wa miaka 13 hadi 15 waligawanywa kwa bahati nasibu ya shule: wengine walipewa mdoli na mafunzo, wengine masomo ya afya ya kawaida. Wakafuatiliwa hadi umri wa miaka 20. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2016, nayo yaliwaacha wauza midoli midomo wazi. Katika kundi la mdoli asilimia 8 walikuwa wamezaa angalau mara moja. Katika kundi lisilo na mdoli, asilimia 4. Waliotoa mimba walikuwa asilimia 9 kwa 6. Dawa ilikuwa imeongeza ugonjwa.

Upande wa televisheni ushahidi umegongana. MTV ilianza kurusha 16 and Pregnant Juni 2009, kipindi kinachowafuata wasichana wenye mimba za kweli na watoto wao wenyewe. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine walikadiria kwamba kipindi hicho kilipunguza uzazi wa vijana Marekani kwa asilimia 5.7 katika miezi 18 ya mwanzo. Magazeti yalishangilia. Baadaye wachumi wengine watatu, Jaeger, Joyce na Kaestner, waliipitia upya hesabu hiyo na kusema haisimami, kwa sababu maeneo yaliyotazama sana MTV tayari yalikuwa na mwelekeo tofauti na mengine hata kabla ya kipindi. Na mwaka 2014 watafiti Nicole Martins na Robin Jensen walieleza kwamba vijana waliotazama sana vipindi vya aina hii walielekea kuamini kuwa mama kijana ana maisha mazuri na kipato kizuri. Hilo si la kushangaza. Msichana aliyewekwa kwenye runinga kila wiki hawezi kuonekana amepotea, anaonekana amefika.

Mtihani uliokwisha kufanywa

Sasa panda uwandani. Ufipa iko juu, sehemu kubwa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, imekaa katikati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Barabara ya lami kutoka Tunduma imeifungua Sumbawanga kwa mabasi na malori, na mji umejaa. Umeme uliowasha runinga zake kwa miaka mingi ulinunuliwa Zambia, kwa kuwa mkoa haukuwa umeunganishwa na gridi ya taifa. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,004,539 mkoani Rukwa. Ile ya 2022 ikawakuta 1,540,519. Ni mkoa wa watoto. Popote unapogeuka kuna mtoto, na popote palipo na mtoto kuna mtoto mwingine mkubwa kidogo aliyempakata.

Mtazame huyo mkubwa kidogo, Jumamosi ya Januari, pembeni ya shamba la mahindi na maharage. Ana miaka kumi, labda kumi na mmoja. Mdogo wake yuko mgongoni, amefungwa kitenge kilichopitishwa chini ya kwapa moja na juu ya bega la pili, fundo kifuani. Mtoto akianza kunung'unika, dada haangalii nyuma. Anahamisha uzito mguu hadi mguu, anampiga makofi mepesi makalioni, anaimba bila maneno. Manung'uniko yakigeuka kilio cha njaa, analitambua hilo kabla hata mama hajainua kichwa kutoka kwenye palizi. Anavuka matuta, anageuza kitenge kwa mkono mmoja, anamkabidhi. Mama ananyonyesha amekaa juu ya tuta, jembe limelala miguuni. Baada ya robo saa mtoto anarudi mgongoni, na mama anarudi kwenye magugu. Jioni dada huyohuyo atamwogesha, atachochea uji, atamfunika vizuri, maana usiku wa Ufipa una baridi hata wakati wa mvua, na Juni ndiyo usiseme. Hakuna yaya pembeni wala mzazi nyumba ya jirani anayetazama skrini. Somo ambalo NBC ilililipia mamilioni, binti huyu analipata bure kila siku, tena bila kuombwa ridhaa.

Nenda mjini ukamtazame dada wa kazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na katika nyumba nyingi za miji ya Tanzania watoto hulelewa na msichana wa umri huo au aliyezidi kidogo, aliyeletwa kutoka kijijini. Huyo ndiye mwazima mtoto wetu wa kweli. Analala naye chumba kimoja, anaamka naye saa nane za usiku, anajua dozi ya dawa yake ya kikohozi. Haazimi kwa siku tatu. Anaazima kwa miaka. Kama kuonja uchungu wa kulea kungekuwa kinga, basi dada wa kazi angekuwa msichana aliyekingwa kuliko wote nchini. Kila mwenye nyumba anajua sivyo.

Takwimu zinasema vivyo hivyo. Utafiti wa Taifa wa Afya ya Uzazi wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 27 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Tanzania walikuwa wameshazaa au wana mimba. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 22, nafuu ya kweli. Lakini mikoa haiko sawa. Songwe, jirani wa Rukwa, ilikuwa asilimia 45. Katavi, iliyomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, asilimia 34. Na Rukwa yenyewe asilimia 30. Katika nyanda hizi msichana mmoja kati ya watatu hivi ameingia kwenye uzazi kabla ya kutimiza miaka ishirini, na karibu wote waliingia wakiwa wameshalea watoto wa mama zao. Ndiyo maana dau la The Baby Borrowers linaanguka hapa. Kipindi kinadhani kinachopungua ni habari za mzigo. Ufipa mzigo unajulikana. Kinachopungua ni kingine.

Kinachopungua

Wachumi walewale wawili walioisifu 16 and Pregnant walikuwa wameandika mwaka 2012 jambo ambalo lingewafaa watayarishaji zaidi. Walijiuliza kwa nini Marekani ina uzazi mwingi wa vijana kuliko nchi nyingine tajiri, wakajibu kwamba sababu kubwa ni kukata tamaa. Msichana maskini katika jimbo lenye pengo kubwa kati ya walionacho na wasionacho haoni anachopoteza akizaa leo. Ukimwambia mtoto atamharibia maisha, anauliza: maisha yapi? Mimba ya mapema, walisema, ni dalili ya njia iliyokwisha kufungwa zaidi kuliko ndiyo inayoifunga.

Ukilibeba swali hilo hadi Ufipa, njia yenyewe unaiona kwa macho. Shule za sekondari za kata zilijengwa kwa kasi baada ya 2006, na ni jambo jema. Kabla yake wengi waliishia darasa la saba. Lakini kata ya uwandani ni pana. Msichana aliyefaulu kutoka kijiji cha mbali ana mambo matatu ya kuchagua. Atembee alfajiri, kurudi jioni. Apate nafasi bwenini, kama bweni lipo na wazazi wana michango. Au apange chumba karibu na shule, geto, yeye na wenzake wawili, wakijipikia, wakijilipia kodi, wakijifungia mlango usiku. Kwenye geto ndiko anakotokea mwanaume mwenye pikipiki, duka au mshahara, na anachotoa si mapenzi ya kwenye filamu: ni sabuni, mafuta ya taa, lifti ya kilomita kumi, nauli ya kwenda nyumbani mwisho wa mwezi. Msimu wa kilimo, wazazi wengine wanapohamia mashamba ya mbali na kuacha watoto wakiangaliana, hata aliye nyumbani anakuwa kama yuko geto.

Sasa rudia kutazama kipindi cha NBC na uulize nani hayumo. Mle ndani kuna mvulana na msichana, rika moja, wote wamekubali, wote wanalia pamoja mtoto akilia. Mwanaume mwenye miaka thelathini na pikipiki hayumo. Nchini kwetu sheria inamjua. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na kumpa mimba mwanafunzi ni kosa la kifungo cha miaka 30. Lakini Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikampa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha Oktoba 2019. Kipindi kinachomfundisha msichana peke yake, huku mambo haya yamemzunguka, kimemwachia mtoto kesi ya watu wazima.

Bibi aliyekuwa na ruhusa ya kusema

Kuna wakati Ufipa ilikuwa na mfumo wake wa kufundisha haya, na haukuwa wa kutishana. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake Fipa Families cha mwaka 2006, anaeleza jinsi mtoto aliyeachishwa ziwa alivyohamia kulala kwa bibi na babu. Huko alilishwa na kulelewa, na huko alifundishwa adabu na mambo ya mwili kwa hadithi na kwa utani, maana mjukuu na bibi wanaweza kutaniana juu ya jambo ambalo mama na binti yake hawawezi kulitaja. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadri Weupe, walipoweka misheni kuanzia miaka ya 1880 na shule zikafuata, sehemu ya kazi hiyo ilihamia darasani na kwenye mabweni. Shule ilipokea hesabu na katekisimu kwa mikono miwili. Mambo ya mwili iliyapokea kwa kidole kimoja.

Hapo ndipo televisheni inapojisifu kwamba imeziba pengo. Lakini utazamaji wa sebuleni una sheria zake. Baba akiwa ameketi na binti yake yuko palepale, ikija picha ya wapenzi kitandani, mtu atainuka kuchota maji au atatafuta rimoti. Kwenye kibanda umiza, wanapokaa vijana wa kiume wengi kuliko wasichana, picha hiyohiyo itapigiwa mluzi. Redio imekuwa na bahati zaidi, kwa sababu mtu anaweza kuisikiliza akipembua maharage bila kumtazama mwenzake usoni.

Na redio ndiyo iliyotupa jaribio letu la kwanza kubwa. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, juu ya Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu anayelazimika kujitegemea. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti walinganishe. Maeneo yaliyousikia yalitangulia Dodoma katika kutumia uzazi wa mpango. Dodoma ilipoanza kuusikia mwaka 1995, nayo ikasogea. Mchezo ule haukusema tu kwamba watoto wengi ni mzigo. Ulimtajia msikilizaji zahanati, ukamwonyesha Tunu akifanya biashara, ukamwonyesha Mkwaju akilipa gharama ya tabia yake. Mwanaume alikuwamo kwenye hadithi, tena katikati.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 yakaja matangazo mafupi ya redio ya Fataki, mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo kwa zawadi. Katika kila tangazo Fataki anakaribia, na katika kila tangazo mtu wa pembeni, mhudumu wa hoteli au jirani, anaingilia kati na kumwaibisha. Msichana hakuwa mwanafunzi wa somo lile. Mwanafunzi alikuwa mpita njia. Watu wakaanza kuitana fataki mitaani, na mzee aliyezoea kusimamisha gari nje ya shule akajua kwamba anatazamwa.

Kilichobadilisha mambo

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka magharibi mwa Kenya, nao unastahili kusomwa polepole na kila mtayarishaji wa vipindi. Mwaka 2004 mchumi Pascaline Dupas alilinganisha njia mbili katika shule za msingi. Ya kwanza ilikuwa kuwafunza walimu mtaala wa taifa wa UKIMWI, ambao msisitizo wake ulikuwa kusubiri ndoa. Haikupunguza mimba. Ya pili ilichukua dakika 40. Mgeni aliingia darasa la nane, akaonyesha filamu fupi ya katuni kutoka mfululizo wa Sara wa UNICEF, kuhusu msichana anayetegwa na mtu mzima mwenye zawadi, kisha akaandika ubaoni viwango vya maambukizi kwa umri na jinsia. Wasichana wakaona kwa tarakimu kwamba mwanaume wa miaka ishirini na kitu au thelathini ana hatari mara nyingi zaidi kuliko mvulana wa rika lao. Ndani ya mwaka mmoja mimba zilipungua kwa asilimia 28 ikilinganishwa na shule ambazo hazikupata somo hilo.

Katuni ya dakika kumi na ubao vimeshinda wiki tatu za kamera za Idaho kwa sababu moja: wasichana wale waliambiwa jambo ambalo hawakulijua. Walikuwa wanajua kulea ni kazi. Hawakujua kwamba yule anayeonekana salama kwa kuwa ana kazi na heshima ndiye hatari zaidi.

Jaribio jingine, hukohuko Kenya, halikutumia hata katuni. Esther Duflo, Dupas na Michael Kremer walifuatilia wanafunzi waliopewa sare za shule bure. Baada ya miaka mitatu wasichana walioacha shule walikuwa wachache zaidi, na waliopata mimba wakashuka kutoka asilimia 16 hadi 13. Nchini Uganda vilabu vya wasichana vya shirika la BRAC, vilivyounganisha stadi za maisha na ufundi wa kujipatia kipato, vilipunguza mimba za vijana kwa zaidi ya theluthi moja katika miaka minne. Vilabu hivyohivyo vilipoletwa Tanzania, fedha na vifaa vilikuwa haba, na matokeo ya namna hiyo hayakuonekana. Wazo lililofaulu ng'ambo ya mpaka linaweza kushindwa hapa likiletwa nusunusu.

Televisheni yetu pia imepimwa. Mwaka 2011 shirika la Femina Hip lilirusha Ruka Juu na Fema TV, shindano la maisha halisi la vijana wajasiriamali. Watafiti wakawahimiza wanafunzi wa kidato cha nne wa Dar es Salaam kulitazama, na wengine kutazama tamthilia ya kawaida. Waliotazama Ruka Juu walitamani biashara zaidi, na wengi zaidi wakaanzisha. Lakini matokeo yao ya shule yalishuka. Kipindi kizuri, chenye nia nzuri, kilichotengenezwa na watu wanaowajua vijana, kiliwavutia kuelekea mlango mmoja na kuwafanya waupe kisogo mwingine. Yeyote anayetaka kutengeneza The Baby Borrowers ya Kitanzania aanze kwa kusoma hapo. Runinga inafundisha, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba haifundishi daima kile ulichokusudia.

Nani amshike mtoto

Linabaki shtaka la kwanza, lile la mtoto aliyeazimwa, ambalo kwa mtazamaji wa Tanzania lilionekana la watu waliodekezwa. Siku tatu kwa jirani? Sisi watoto wetu wanakaa likizo nzima kwa shangazi. Lakini tusilipuuze haraka, maana sera yetu wenyewe imelifikisha mlangoni.

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Juni 2017, akiwa mkoani Pwani, Rais John Magufuli alisema hakuna atakayerudi katika utawala wake. Novemba 24, 2021 Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba zuio limeondoka, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaruhusu aliyejifungua arudi kwenye shule ya kawaida. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaendelea na njia mbadala kwa wanaotaka. Ni mabadiliko makubwa, na wasichana wamerudi.

Waraka, hata hivyo, unamzungumzia mwanafunzi. Mtoto wake anabaki kwa nani? Ufipa jibu liko tayari kabla swali halijaisha: kwa bibi. Bibi si mgeni kama wale vijana wa Boise, na mtoto atakua akijua harufu yake. Hapo utaratibu wa zamani wa uwandani unatusaidia kuliko tunavyoukiri. Lakini bibi wa leo mara nyingi ana umri wa miaka thelathini na kitu, naye ana mtoto wake wa kunyonya, shamba lake na wajukuu wengine. Shule ikiwa mbali, mama atanyonyesha alfajiri na usiku, mchana matiti yatavuja darasani, na mtoto ataanzishiwa uji kabla ya miezi sita ambayo kila kliniki inausia maziwa ya mama peke yake. Akiwa geto au bwenini, hata alfajiri hatanyonyesha. Swali la Zero to Three, juu ya mtoto anayelipia somo la mtu mwingine, linatuhusu moja kwa moja.

Kwa hiyo mhakiki wa Sumbawanga akiletewa kipindi cha vijana na ulezi asipoteze muda kuhesabu machozi. Aulize kama kuna jambo ambalo binti wa darasa la saba wa wilaya ya Kalambo au Nkasi hakulijua kabla ya kukitazama. Aulize kama mwanaume yumo, kwa umri wake halisi. Aulize mtoto mchanga ametendewa nini ili picha ipatikane. Mwisho aulize kipindi kimemkabidhi nani kazi ya kufanya. Kikimkabidhi msichana peke yake, kimerudia kosa la Idaho kwa Kiswahili. Kipindi kinachostahili saa moja ya mtazamaji wa Ufipa ni kile ambacho, kikiisha, mwalimu mkuu anatafuta chumba cha kunyonyeshea, mwenye nyumba za kupangisha wanafunzi ana maelezo ya kutoa, na diwani anaulizwa kwenye mkutano wa kata bweni litakamilika lini.